Umeme wa jua, gridi ya Taifa na uzalendo: waya analipia nani?

Mleta mada, Nyamagana

Wanajukwaa, nawasalimu.

Nimeona nifungue uzi huu kwa sababu ya mabishano yaliyoanzia vijiweni na sasa yamefika mpaka misibani na kwenye vikao vya harusi hapa Mwanza. Wapo wanaosema kwamba mtu anayefunga paneli za jua juu ya bati lake na kuupa kisogo umeme wa TANESCO anaisaliti nchi, kwa kuwa Taifa limejifunga mkanda kujenga Bwawa la Julius Nyerere na sasa linahitaji wateja. Wapo pia wanaosema kwamba umeme ni bidhaa, kila mtu anunue anakotaka au ajitengenezee, na kwamba uzalendo umegeuzwa kifuniko cha kila jambo lisilotakiwa kuhojiwa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyekubaliana nao asihangaike kuutafuta. Mtu ana haki kamili ya kujitengenezea umeme nyumbani kwake, na ana haki ya kuusifu au kuulaumu mradi wowote wa Serikali bila kudaiwa cheti cha uzalendo. Hata hivyo, waya wa gridi unaopita mbele ya nyumba yake una gharama hata siku ambayo hautumii, na hadi leo tumekwepa kusema waziwazi ni nani anayeibeba gharama hiyo. Tunapiga kelele za uzalendo na uhuru kwa sababu kelele ni rahisi kuliko hesabu.

Nianze na bwawa, maana ndilo linaloamsha hisia. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019 kwenye Mto Rufiji. Mitambo ni tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla yake megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Kabla ya hapo mabwawa yetu yote kwa pamoja, yaani Kidatu yenye megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80 na mengine madogo, hayakufikia hata theluthi ya kiasi hicho. UNESCO na wanamazingira wa nje waliupinga mradi kwa kuwa eneo lake lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, urithi wa dunia tangu 1982, na humu nchini mtu akiuliza habari za mazingira, au hatari ya kuegemea mvua peke yake, alihesabiwa kuwa amesimama na wageni. Hapo maswali mawili tofauti yalifungwa kitita kimoja: kama mradi una faida, na kama muulizaji anaipenda nchi yake. Mradi unaweza kuwa na faida kubwa, na naamini unayo, na bado aliyeuliza akawa na haki ya kujibiwa. Wenye kumbukumbu wanajua kwamba mgao wa mwaka 2006 ulitokana na ukame uliokausha mabwawa, kwamba dharura ile ndiyo iliyozaa mkataba wa kununua umeme wa kampuni ya Richmond, na kwamba mkataba huo ulimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Waliouhoji walikuwa raia wema kabisa.

Jambo moja la pembeni, ambalo huwa linanifurahisha. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliwatangazia wakubwa kwamba Tanganyika huru haifungwi na mkataba wa Naili wa mwaka 1929, uliotiwa saini na Uingereza na Misri bila sisi kuwepo. Kwa msimamo huo, miongo kadhaa baadaye tuliyavuta maji ya Ziwa Victoria, chanzo cha Naili, kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Kisha tulipotaka kulijenga bwawa lenye jina lake, kazi tukaipa kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Anayedhani kuwa uzalendo ni kununiana na wageni milele angekuwa na kazi ngumu kumweleza hayo Mwalimu.

Machi 2025 mjadala ulirudi kwa sura nyingine, Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza akiwa Kilimanjaro kwamba Kanda ya Kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme unaosafirishwa kutoka kusini unapotea mwingi njiani. Mitandaoni pakawaka moto: tumejenga bwawa kubwa namna hii, iweje tukanunue kwa jirani? Mimi nilishangaa jinsi tulivyosahau mambo yetu wenyewe wa Kanda ya Ziwa. Bukoba imewashiwa taa kwa umeme wa Uganda, kutoka Masaka hadi Kyaka, kwa miaka mingi. Ni Kyaka hiyohiyo ambayo daraja lake lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Sijapata kusikia kwamba watu wa Kagera wana uzalendo pungufu kwa sababu ya mahali ilikotoka nguvu ya friji zao.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha mada, nacho ni cha kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Gridi haikuwa imefika. Mwaka 2016 kampuni binafsi iliwasha umeme wa jua kwa mtandao wake mdogo wa kisiwani, na bei yake kwa uniti ilikuwa zaidi ya mara kumi ya shilingi 100 anazotozwa na TANESCO mteja mdogo wa bara. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza bei hiyo ishushwe iwe sawa na ya TANESCO. Wengi tulishangilia, na hoja ya kushangilia ilikuwepo: Mtanzania wa Ukara ni Mtanzania kamili, kwa nini alipe mara kumi ya anacholipa mwenzake wa Nansio? Lakini shilingi 100 ya TANESCO siyo gharama ya kuzalisha na kusafirisha uniti hiyo. Ni bei ya kubebana. Mteja wa kundi la D1 anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa kila uniti kwa sababu yupo mwenye mashine ya kuchomelea pale Mabatini anayelipa 292, na yupo mteja wa D1 aliyevuka kiwango anayelipa 350 kwa kila uniti ya ziada. Ukara haina mtu wa kumbeba mwingine. Serikali iliagiza usawa wa bei, ambao ni jambo jema. Swali langu kwa kila mzalendo aliyepiga makofi ni hili: tofauti ya bei ilitakiwa itoke mfukoni mwa nani? Kama jibu ni kwamba itoke kwa mwenye mtambo, basi tumeagiza ukarimu kwa fedha za mtu mwingine, na tusishangae mwenye mtambo anayefuata akipeleka paneli zake kwingine.

Turudi mjini. Aliyejiwekea sola kubwa kule Capri Point au Kiseke kwa kawaida haukati waya wa TANESCO. Anauacha umsubiri siku za mawingu. Mwaka 2016 tozo ya huduma ya kila mwezi ya shilingi 5,520 iliondolewa, na kwa mwananchi wa kawaida lilikuwa jambo la heri. Matokeo yake ni kwamba asiyenunua uniti halipii chochote, ilhali nguzo, transfoma na mafundi wa zamu vipo kwa ajili yake pia. Huyu alikuwa akilipa 292 kwa uniti, na akiondoka anaondoka na fedha iliyokuwa ikimshikia bei mama wa Igoma anayelipa 100. Hajavunja sheria na simwiti msaliti. Nasema tu kwamba uhuru wake una ankara, na hivi sasa ankara hiyo inapelekwa kwa jirani asiye na uwezo wa kununua paneli.

Pendekezo langu ni kwamba tozo ndogo ya huduma ya kila mwezi irudi, lakini kwa wenye mitambo mikubwa ya jua wanaotaka kubaki kwenye gridi tu, na anayetaka kuondoka kabisa aondoke kwa amani. Karibuni, ila tubaki kwenye mada.

Mstaafu wa utumishi wa umma, Isamilo

Ndugu mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho, jambo ambalo silifanyi mara nyingi humu. Nakubaliana nawe kuhusu waya. Kuhusu uzalendo, nadhani umeurahisisha.

Sisi tuliokuwa kazini miaka ya sabini na themanini hatukuuelewa uzalendo kama kupiga makofi. Tuliuelewa kuwa ni kukubali kupata kidogo leo ili mwenzako wa mbali apate chochote. TANESCO isingefika Magu wala Kwimba kama ingeendeshwa kwa hesabu ya faida na hasara ya kila nguzo. Kijana wa leo amezaliwa akaikuta taa inawaka, na anauona mtandao ule kama mvua tu, kitu kinachojinyeshea chenyewe. Ukimwachia uhuru wa kuchagua bila kumfundisha deni hilo, atachagua lililo rahisi kwake, na baada ya miaka ishirini gridi itabaki kuwa ya maskini na viwanda vichache, na huduma ya maskini peke yao haijawahi kuwa huduma nzuri mahali popote.

Kwa hiyo mimi naenda mbali kuliko wewe. Mwenye nyumba iliyo ndani ya mita 30 za nguzo achangie gridi, awe ameunganishwa au hakuunganishwa. Barabara inayopita mlangoni kwako unailipia kwa kodi hata kama huna gari.

Jambo lingine ulilolipita ni kodi ya majengo. Tangu 2021 tunakatwa kupitia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye nyumba aliyeachana na mita, Serikali itamkata wapi? Hapo sola imekuwa njia ya kupotea kwenye daftari la mlipakodi, na hilo ni suala la uzalendo, mtake msitake.

Mfanyabiashara wa dagaa, Ukara

Shikamoo mzee wangu wa Isamilo. Mleta mada, salamu kutoka kisiwani.

Mnatuzungumzia, nami nashukuru, lakini mnatuzungumzia kama mfano wa darasani. Ngoja niwaeleze umeme ulivyo huku.

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na taa. Zamani ilikuwa karabai. Mtungi wa mafuta ya taa, pampu, kile kisoksi kinachowaka na ambacho mkono ukikigusa kinamomonyoka kuwa majivu, na kioo kinachopasuka tone moja la maji likikirukia. Fedha ya mafuta ilitolewa kwanza kabla ya mgawo, yaani tajiri mwenye mtumbwi na mabaharia wake wote walianza usiku wakiwa na deni. Siku hizi taa ni za sola: betri inachajiwa mchana nchi kavu, jioni inabebwa, na upepo hauizimi. Hakuna aliyetuagiza. Hakuna aliyetwambia kuwa ni uzalendo, wala hakuna aliyetuita wasaliti wa wauza mafuta ya taa. Tulipiga hesabu ya mapipa tukabadilisha.

Kuhusu bei ya ule umeme wa kijijini, kwa bei ya mwanzo ulikuwa wa kuwasha taa na kuchaji simu. Kuendesha friza ya kugandishia sangara ulikuwa huwezi, kwani barafu ya kutoka bara, hata ikiyeyuka nusu njiani, ilikuwa na nafuu. Bei iliposhushwa, tulifurahi. Mleta mada anauliza tofauti ilipwe na nani. Swali zuri, lakini naona linaulizwa sana pale anayesaidiwa akiwa mtu wa kisiwani. Bwawa la Rufiji limejengwa kwa kodi, na dagaa wetu wanaopelekwa soko la Mwaloni Kirumba wanatozwa ushuru tangu mwalo wa kwanza wanaposhushwa hadi wa mwisho. Nasi tumechangia. Ikiwa Serikali haikuilipa kampuni ile tofauti yake, kosa ni la Serikali na kampuni, na lisiwe sababu ya kusema kwamba watu wa Ukara walipewa ukarimu.

Mleta mada, Nyamagana

Ndugu yangu wa Ukara, hoja yako ya kodi imekaa vizuri na haigombani na yangu. Ninachosema ni kwamba agizo la usawa lilipaswa kuja na fungu la fedha kutoka kwa wote, mimi nikiwemo, kama ambavyo Wakala wa Nishati Vijijini unakusanya asilimia 3 kwenye kila manunuzi yetu ya LUKU ili umeme ufike vijijini. Huo ni uzalendo wenye risiti. Bei ikishushwa kwa tamko peke yake, anayebebeshwa ni yule aliyethubutu kuja kisiwani wakati wengine hawakuthubutu.

Mzee wa Isamilo, sina ugomvi nawe kuhusu deni la vizazi. Lakini kumtoza mtu ambaye hakuunganishwa ni jambo zito. Gharama ya kuunganishwa mjini ni shilingi 320,960 kwa aliye ndani ya mita hizo 30, wakati kijijini ni 27,000. Wapo watu pale Mabatini, juu ya mawe, ambao nguzo wanaiona kwa macho na hawana fedha hiyo. Kwa kanuni yako watalipia waya ambao wameshindwa kuufikia.

Mwanafunzi wa sheria, Malimbe

Naomba kuchangia upande wa sheria, maana naona haki zinatajwa kwa jumla mno.

Katiba yetu, Ibara ya 24, inatambua haki ya mtu kumiliki mali na mali hiyo kulindwa kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Lakini Ibara ya 27 inamtaka kila mtu ailinde mali ya umma na maliasili za nchi, na Ibara ya 30 inasema kuwa haki na uhuru wa mtu mmoja havitatumiwa kwa namna inayoingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Kwa maneno mengine, pande zote mbili zinazobishana humu zimo katika waraka mmoja, na waliouandika hawakuona kuwa zinapingana.

Kuhusu kujizalishia, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haimdai leseni mzalishaji aliye chini ya megawati moja, na mwaka 2018 zilitoka kanuni zinazomwezesha mteja mwenye mtambo wake kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi ili ufidiwe kwenye matumizi yake. Kwa hiyo mzee wangu wa Isamilo, dola yenyewe haimwoni mwenye paneli kuwa mpinzani. Imemfungulia mlango awe mshirika. Ajabu ni kwamba watu wengi wanaobishana kuhusu usaliti wa sola hawajui kuwa mlango huo upo.

Jambo la pili ni bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo linaingia nchini kupitia Kagera na kupita Geita na Shinyanga, yaani pembeni mwa ziwa letu. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa, na hapa kwetu hasira ilikuwa kubwa. Nilikasirika pia, kwa sababu wapo waliotajirika kwa mafuta yao na ya wengine na sasa wanatuhubiria. Ila mwanakijiji aliyepisha mkuza wa bomba akiuliza kwa nini fidia ilichelewa, siyo sawa ajibiwe kwa hasira ile tuliyowawekea Wazungu. Yeye hakuandika azimio. Kosa hilo tunalifanya mara kwa mara: tunampiga raia kwa fimbo tuliyomchongea mgeni.

Mwalimu, Sengerema

Wachangiaji wote mmezungumzia taa na friza. Kwa sisi wa shule za bweni nishati ni jiko.

Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na kikomo cha kwanza kilikuwa Januari 2024. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono. Mpishi wetu amefanya kazi miaka yote macho yakiwa mekundu kwa moshi, na vilima vya kuelekea Buchosa nimeviona vikibaki vipara.

Hata hivyo, hapa ndipo nimejifunza kwamba uhuru una ngazi. Mwenye kipato anahama kutoka mkaa kwenda gesi kwa kupenda kwake, wakati wake, na mtungi ukiisha anaingia dukani. Taasisi ya umma inahamishwa kwa agizo, na bajeti inakuja baadaye ikija. Mzazi analetewa mchango. Akiuliza, anaambiwa kuwa mazingira ni uzalendo. Ni kweli ni uzalendo, lakini mzazi huyo alikuwa analeta mzigo wa kuni kama mchango wake, na kuni zilikuwa njia pekee ya kulipa kwa mtu asiye na fedha taslimu. Agizo lilimwondolea moshi mpishi, likamwondolea pia mzazi njia yake ya kuchangia. Ningependa watunga sera waone mambo yote mawili.

Mstaafu wa utumishi wa umma, Isamilo

Mwalimu, marahaba kwa mchango huo, hapo kwenye kuni umenigusa. Na wewe mwanasheria mtarajiwa, fimbo yako nimeipokea mgongoni.

Niwakumbushe jambo moja la ziwa ambalo linanifanya nisiuamini sana huu uhuru wa kila mtu na lake. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilizinduliwa 1954, na mwaka 2000 likaongezewa pacha wake, Kiira. Katikati ya miaka ile ya 2000, ukame ulipogongana na kiu ya umeme ya majirani zetu, maji yaliachiwa kupita kiwango kilichokubaliwa, na ziwa likashuka. Waliokuwa hapa wanakumbuka ufukwe ulivyorudi nyuma na mitumbwi ikabaki kwenye tope. Uganda iliwasha taa zake, nasi tukatembea mbali zaidi kuyafuata maji. Kila mmoja alikuwa mzalendo kwake. Ziwa ni moja, na waya nao ni mmoja. Ndiyo maana nasema uamuzi wa mtu wa Kiseke haumhusu yeye peke yake.

Fundi wa sola, Igoma

Heshima kwenu wakubwa. Nimesoma uzi wote nikiwa juu ya bati la mteja, natumaini mtanisamehe nikiwa mfupi kuliko nyinyi.

Mnamzungumzia mtu wa Kiseke kama tajiri anayekimbia nchi. Wateja wangu wengi hawakimbii chochote. Walianza kunitafuta kwa wingi wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, mgao ambao mwenye bucha alilala na nyama akaamka na hasara. Kwa huyo, sola ilikuwa bima. Hata leo mgao ukiwa umekwisha, umeme ukikatika saa mbili usiku friza yake haijui tofauti.

Sasa niwape hesabu halisi, kwa sababu naona watu wanaogopa kwamba kila mtu ataihama gridi. Paneli ni sehemu ya bei nafuu ya kazi. Paneli ya wati 550 naibeba kichwani peke yangu, naifunga kwenye mbao asubuhi, na mchana wa jua la Mwanza inafanya kazi yake bila kelele. Kinachomaliza fedha ni betri. Mteja akiniambia, "Fundi, nataka nikate kabisa TANESCO", namuuliza maswali mawili: unatumia nini usiku, na unataka kuvumilia siku ngapi za mawingu mfululizo mwezi wa nne? Akijibu kwa ukweli, idadi ya betri inapanda mara mbili au tatu, inveta inabadilika, na karatasi ya makadirio ninayompa anaikunja kimyakimya na kuitia mfukoni. Karibu wote wanaishia kwenye mfumo wa pamoja: mchana jua, usiku betri kidogo, na TANESCO ikiwa imesimama nyuma.

Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi kwamba wanabaki kwenye waya. Ila akitaka walipie kusubiriwa, nami nitataka waya uwepo kweli wanapouhitaji. Mteja hawezi kulipa tozo ya kusubiriwa na mtu ambaye naye anachelewa.

Na kuhusu zile kanuni za kuingiza umeme kwenye gridi alizozitaja mwanasheria: kati ya wateja wangu wote hakuna hata mmoja aliyewahi kuniulizia. Mchana jua likiwa kali na betri zimejaa, umeme wa ziada unakufa palepale juu ya bati.

Mleta mada, Nyamagana

Fundi, maelezo yako yana uzito kuliko nusu ya niliyoyaandika. Sharti lako nalikubali: tozo ya kusubiriwa iwe na masharti pande zote mbili, na saa za kukatika zikizidi kiwango, tozo ya mwezi huo ifutwe. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ipo kwa kazi ya namna hiyo.

Umeme unaokufa juu ya bati ndio unaoniuma zaidi. Mwanza iko mbali sana na Rufiji. Umeme wa kule unazunguka Dodoma, Singida na Shinyanga kabla ya kutufikia, na njiani sehemu yake inapotea. Uniti moja inayozalishwa Buhongwa na kutumika Buhongwa karibu haipotei njiani. Ndiyo maana nauona mradi wa jua wa Kishapu, uliopangwa kufikia megawati 150 na kuanza na 50, kuwa na maana kwetu kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Mwenye paneli anayeingiza ziada yake mchana angestahili kupunguziwa tozo hiyo, hata kufutiwa kabisa, na hapo tungekuwa tumempa sababu ya kubaki badala ya kumtisha kwa majina.

Mfanyabiashara wa dagaa, Ukara

Hapo tunaelewana. Ila msisahau kuandika kwenye hayo masharti yenu kwamba visiwani hakuna Rufiji inayosubiri nyuma. Betri ikifa usiku, ni mpaka asubuhi boti ya fundi ije.

Mstaafu wa utumishi wa umma, Isamilo

Na kodi ya jengo ya mtu asiyenunua uniti? Hamjanijibu.

Fundi wa sola, Igoma

Mzee, hiyo haipotei. Inajikusanya kwenye mita ikiwa deni. Mteja wangu mmoja alikaa na jua lake kwa miezi mingi bila kugusa LUKU, mvua za masika zikamrudisha. Siku aliponunua umeme wa shilingi 10,000, makato yaliingia yote kwa pamoja, akapata uniti chache mno, akanipigia simu akidai kwamba nimeiharibu mita yake. Pendekezeni tu hiyo kodi itenganishwe na mita, sisi mafundi tupumzike.

Mstaafu wa utumishi wa umma, Isamilo

Kutenganisha naunga mkono. Ikusanywe na halmashauri, kwa risiti yake, na mwenye nyumba aijue kwa jina lake. Kuhusu mita 30 bado sijabadilisha msimamo, na wewe wa Nyamagana jiandae kunijibu kuhusu barabara.